Mama wa Pikapu Hasomi Vumbi

Tulikuwa tunaisikia pikapu yake kabla ya kuiona. Injini ya dizeli ikipanda ile barabara ya mawe kuja gereji yetu, nyuma ya mtaa wa Dallas hapa Embu, ilitwanga kwa utaratibu kama mtu anayetwanga mahindi na hana mgeni wa kumngoja. Mwenzangu aliyekuwa karibu na lango alisema, "Mathe anakuja. Msipoteze nati." Tulicheka, lakini pia tulianza kupanga spana, kwa sababu huyo alikuwa mteja wa kutazama.

Watu walimwita Mama wa Pikapu. Jina lake jingine nilikuja kulijua baadaye sana, na niliona halimfai kama hili. Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Ninachojua ni kwamba kila wiki alipakia mchele wa Mwea na vitunguu, akaendesha mwenyewe kutoka Embu, akapita Runyenjes na Chuka, akashuka na kupanda mabonde yote yale mpaka Meru, halafu akaendelea hadi soko la Muthara. Wakati wa kurudi alibeba maharagwe, njahi na viazi vikuu. Wengine wana shamba, yeye alikuwa na pikapu. Aliniambia siku moja kwamba bila hiyo angebaki nyumbani akingoja kualikwa kwenye mazishi.

Hapa kwetu, gari likifunguliwa injini, mwenyewe hukaa nalo. Haijaandikwa popote, lakini kila mtu anajua. Watu wanaogopa kwamba ukienda kunywa chai utarudi ukute gari lako limewekwa pampu ya gari la mwingine. Wengine humtuma shemeji au mtoto aliye likizoni. Mama wa Pikapu alikaa mwenyewe, na alikuja na kiti chake cha plastiki cha kijani, kimefungwa kwa kamba juu ya mzigo. Alikiweka mahali ambapo angeona mikono yetu, akatoa katani kwenye mfuko na kuanza kusuka kikapu cha kiondo.

Viondo vyake ndivyo vilivyokuwa saa yetu. Kubadilisha mkanda wa feni hakukufikisha hata kitako cha kiondo. Kutoa klachi na kuirudisha kulimfikisha nusu. Mara moja tu, tulipobadilisha ringi za pistoni, alimaliza kiondo kizima pamoja na mishipi yake, akakipachika kwenye kioo cha pembeni cha pikapu na kutuambia kwamba sasa tumemchelewesha mpaka amekuwa kiwanda.

Alikuja pia na sinia kuukuu, lililotoka rangi pembeni. Kila bolti tuliyotoa ilikwenda kwenye sinia, na si kutupwa tu, ilipangwa. Bolti za upande wa kulia zilikaa kulia. Tukimaliza kazi na sinia likabaki na bolti moja, hakuondoka. Wenzangu walimwambia injini za zamani huwa na bolti za ziada. Yeye alijibu kwamba hata yeye ana vidole kumi lakini hajawahi kuona kimoja ni cha ziada, basi tuliingia tena chini ya gari kutafuta.

Na kitu cha tatu alichokuja nacho kilikuwa gunia. Humo alitia kila kitu tulichotoa: beringi zilizolika, vali zilizoungua, mipira iliyopasuka, hata gasketi iliyokuwa nyeusi kama ugali uliosahauliwa. "Kilichotoka kwenye gari langu bado ni changu," alikuwa anasema. Wateja wengi huchukua spea za zamani ili wajue kweli zimebadilishwa, halafu huzitupa njiani. Yeye hakuzitupa. Tulikuwa tunajiuliza anazipeleka wapi, na mmoja wetu alisema labda anajenga pikapu ya pili kidogo kidogo.

Mimi niliingia gereji ile baada ya darasa la nane. Kazi niliishika haraka, lakini maneno hayakunitoka. Ningeweza kusikiliza injini kwa bisibisi sikioni na kujua ni silinda gani inayogonga, lakini mwenye gari akisimama mbele yangu na kuuliza, "Kijana, ni ngapi?" ulimi uliganda. Kwa hiyo nilikuwa na njia yangu. Nilikuwa naandika bei kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha mbele, halafu najifanya natafuta kitambaa cha kufuta mikono. Wateja wengi walisoma, wakaandika chini yake bei ya nusu, nami nilitingisha kichwa kukubali. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi nyingi kwa bei ya soda.

Siku ya kwanza niliyomtengenezea yeye ilikuwa kazi ya nozo, vile vidude vinavyorusha dizeli ndani ya injini. Nilimaliza, nikaandika kwenye kioo chake. Alisimama, akatazama ile namba, akaondoa leso begani na kukifuta kioo chote mpaka kikang'aa.

"Mimi sisomi vumbi," alisema. "Sema."

Nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Unaniambia mimi au unaliambia gurudumu?"

Nilisema tena. Safari hii wenzangu wote waligeuka. Yeye akaanza kunikata bei, na alinikata bila huruma. Alisema nozo zenyewe ni nne tu, alisema jua ni la Mungu na mimi nimefanyia kazi kwenye jua, alisema maziwa ya chai niliyokunywa yalikuwa yake. Tulipokubaliana nilikuwa nimepoteza karibu theluthi. Akalipa pale pale, kisha akafungua mlango wa nyuma na kunipa kiazi kikuu ambacho sokoni kingegharimu ile theluthi na zaidi. Nilikibeba nyumbani begani kama mtoto, na mama yangu aliuliza nani amenilipa kwa mti.

Ilikuwa hivyo kila mara. Alinifanya niseme, akanipiga chini, halafu akanijazia kwa mlango wa nyuma. Sikumwelewa. Kama alitaka nipate pesa zangu, kwa nini asikubali tu? Nilimuuliza mwenye gereji, akaniambia yule mama hakatai bei, anakataa mtu kuinamisha kichwa.

Alikuwa na namna yake ya kueleza ugonjwa wa gari. Alisema moshi mweusi ni mlafi, moshi wa bluu ni mlevi, na moshi mweupe ni mgonjwa. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa sasa na bado sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Pikapu ikitoa moshi mweusi inakula dizeli kuliko hewa, na mara nyingi ni chujio la hewa lililojaa vumbi au nozo chafu, kazi ya elfu chache tu. Moshi wa bluu maana yake inakunywa oili yake yenyewe, na hapo ringi zimechoka, mfuko utalia. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia mahali yasipotakiwa, na huo ndio wenye gari wanauogopa kuliko yote.

Lakini msifikiri alikuwa anajua kila kitu. Mara nyingi alikosea, na alikosea kwa sauti kubwa. Kuna wakati alikuja akisema giaboksi imekufa. Kila akipita tuta, kitu kiligonga chini, ko, ko. Tulikwenda naye mpaka barabara ya lami na kurudi. Tulikaza mikono ya injini, tukatazama shafti, tukatoa magurudumu mawili. Kiondo kilifika nusu. Mwishowe niliingiza mkono chini ya kiti cha dereva nikatoa jiwe, jiwe zuri la pembe tatu, laini upande mmoja.

Lilikuwa jiwe lake la kuzuia gurudumu kwenye vilima. Alilichagua huko Muthara miaka mingi nyuma, na alisema mawe ya kwingine huteleza. Alilichukua mikononi mwangu, akalitazama, akalirudisha chini ya kiti. "Basi mumeona giaboksi ni nzima," alisema, kama kwamba hilo ndilo alilotaka tuhakikishe. Alilipa saa zetu zote, baada ya kutukata.

Wale vijana wa pikapu za miraa walimjua barabara yote. Wao wanatoka Meru wakikimbiza mzigo usinyauke, taa zimewashwa mchana, na yeye anapanda kwa gia ya pili na vitunguu vyake. Walipompita walipiga honi na kuchungulia dirishani, "Mama, tukusukume?" Yeye aliinua mkono kama mtu anayebariki. Mara nyingi mtu alimtaka naye abebe miraa, kwa sababu inalipa. Alikataa. Alisema miraa ina haraka na yeye hana, na ukibeba mzigo wenye haraka, injini ndiyo inayolipa nauli. Baadaye aliwakuta baadhi yao pembeni ya barabara, boneti juu, mvuke unapanda. Alisimama kila mara, akawapa maji na kuwauliza kama wanataka kusukumwa.

Na hapa ndipo palipokuwa na kosa lake kubwa, kwenye maji. Hakununua maji ya rejeta, yale ya kijani yanayozuia kutu. Alisema hayo ni maji ya bomba yaliyotiwa rangi ili kuuziwa watu wa Nairobi. Yeye alichota mitoni. Alikuwa na mtungi wa lita tano na aliijua mito yote kati ya Embu na Meru, na alikuwa tayari kubishana kwamba maji ya Mutonga ni baridi kuliko ya Thuci na kwa hiyo yanafaa injini zaidi. Kile kidude kidogo kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, thamostati, kilikuwa kimetolewa zamani na fundi mwingine, kwa sababu hapa mafundi wengi husema hicho ni cha nchi za baridi. Nilimwambia Embu asubuhi ni nchi ya baridi. Alinitazama kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimesema sentensi nzima bila kuulizwa, lakini hakukubali.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, wa mambo mawili yasiyokaa pamoja. Alibania pesa ya maji ya kijani na kununua vitambaa vipya vya viti kila Krismasi. Alisema gari ni chuma tu, si kitu cha kupewa jina, lakini kwenye vilima alilisemesha kwa Kimeru, taratibu, na niliposafiri naye baadaye nilimsikia akiliambia samahani alipokosa gia. Alisali kabla ya kushuka kila bonde, lakini kupanda hakusali. Nilimuuliza kwa nini. "Kupanda ni kazi ya injini," alisema. "Kushuka ndiko kwa Mungu."

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, pikapu ilianza kumeza maji. Hakukuwa na mahali palipovuja. Alijaza rejeta Embu, akajaza tena Thuci, akajaza tena Mutonga, na kilima cha baada ya Mutonga hakikupandika bila mshale wa joto kufika mwisho. Asubuhi gari lilitoa moshi mweupe mpaka jirani yake wa Dallas akafunga madirisha. Aliendelea hivyo wiki kadhaa, kwa sababu mchele ulikuwa na wanunuzi. Siku alipotuletea, ilivutwa kwa kamba.

Nilifungua kifuniko cha oili nikaona imekuwa kama chai ya maziwa. Sikuhitaji bisibisi sikioni. Tulitoa hedi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda, nikaona ufa kati ya vali mbili, na mstari wa zamani wa kuchomelea. Hedi hiyo haikuwa ya asili. Aliniambia kwamba miaka mitano nyuma fundi mwingine, ambaye sasa amehama, alimwambia ile ya kwanza imepasuka, akamletea hii kutoka Nairobi. Rejeta nayo ilikuwa imejaa kutu ya mito yote aliyoipenda. Alilitazama lile tope la kahawia kwenye ndoo na hakusema lolote kuhusu Mutonga.

"Sema," aliniambia.

Nilisema. Hedi mpya ilikuwa elfu sabini. Ukiongeza gasketi, oili, rejeta na kazi, ilikaribia laki moja. Na pikapu nzima, jinsi ilivyokaa pale, hakuna mtu angeinunua kwa zaidi sana ya hapo. Nilisema yote kwa sauti ya kutosha, nikangoja anikate. Nilikuwa hata nimeshatayarisha mahali pa kushuka.

"Sawa," alisema.

Alikunja katani yake. Kiondo kilikuwa kitako tu. Akatoka langoni kwa miguu, na kiti chake cha kijani kikabaki kimetazama injini iliyo wazi. Nilikuwa nimemsikia akikata bei ya nati moja, na sasa amekubali laki moja kwa neno moja. Nilijua amekubali kitu kingine.

Kesho yake alikuja mwanawe, mtu wa ofisi hapa mjini, mpole. Aliniuliza kama ninamfahamu mnunuzi mzuri wa vyuma chakavu. Alisema mama yake sasa apumzike, na kwamba yeye mwenyewe halali vizuri siku za soko, akifikiri gari limemzimikia mama yake bondeni. Sikuona kosa katika maneno yake. Alipanga mnunuzi aje Jumamosi.

Ijumaa niliangalia kile kiti mpaka nikachoka. Nikakibeba kichwani nikaenda Dallas kukirudisha. Sikuwa na maneno yoyote niliyotayarisha. Nilifikiri nitakiweka mlangoni na kukimbia.

Mlango ulikuwa wazi, na kilichouzuia usifungwe na upepo kilikuwa pampu ya maji niliyoitoa mimi mwenyewe. Nilisimama nikaitazama. Ndani niliona funguo zimetundikwa kwenye vali nne zilizogongomewa ukutani. Sukari ilikuwa ndani ya pistoni iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Mikanda ya feni ilikuwa imefungwa pamoja na kuwa kamba ya kuanikia nguo. Gereji yetu yote ilikuwa humo, safi kuliko ilivyowahi kuwa kwetu.

"Umeleta kiti au umekuja kukikalia?" aliuliza kutoka jikoni.

Nilikaa. Aliniletea mukimo na chai, akakaa upande wa pili, akaniuliza habari za wenzangu mmoja mmoja. Juu ya pikapu hakuuliza. Televisheni ilikuwa imewashwa, na nilielekeza macho huko kwa sababu ya aibu, nikiitazama bila kuisikiliza. Ilikuwa imekaa juu ya kitu kirefu cha chini, kilichofunikwa kwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Kitambaa kilikuwa kimepanda kidogo pembeni. Niliona tundu. Halafu niliona tundu lingine, umbali uleule ambao vidole vyangu vinaujua hata gizani.

Nilimeza mukimo. "Mama," nilisema, "naomba tuitoe televisheni."

"Kwani na hiyo mumepata mnunuzi?"

Lakini alisimama akashika upande mmoja. Tuliiweka sakafuni, nikaondoa kitambaa, na hapo palikuwa na hedi ya asili ya pikapu yake, imekaa juu ya gazeti, bado ina ngozi ya oili aliyoipaka ili isichafue kitambaa kwa kutu. Niliigeuza. Niliwasha tochi ya simu. Nilimwomba rula, akanitolea ya mjukuu wake, na nilipoiweka juu ya uso wa hedi, mwanga ulipita chini yake katikati, mwembamba kama uzi. Ilikuwa imejipinda. Lakini kati ya vali, mahali ambapo ile nyingine ilikuwa na ufa, sikuona kitu.

Nilimwambia. Nilisema mengi kwa mara moja kuliko nilivyowahi kusema na mtu yeyote: kwamba labda haikupasuka kamwe, kwamba kujipinda kunanyooshwa kwa mashine hapa hapa mjini, kwamba lazima ipimwe kwanza na asifurahi bado. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni, akiitazama ile hedi.

"Miaka mitano inabeba taarifa ya habari," alisema mwishowe. "Basi imepumzika vya kutosha."

Jumamosi asubuhi na mapema tuliipeleka kwa fundi wa mashine. Aliziba matundu, akaizamisha majini na kuijaza hewa. Tuliinama sote wawili juu ya pipa tukingoja mapovu. Mama wa Pikapu alikuwa amenishika mkono wa shati. Maji yalitulia. Fundi wa mashine akasema hedi hii ni nzima kuliko sisi watatu, akaifunga kwenye mashine kuisawazisha.

Mnunuzi wa vyuma alipofika gereji na lori lake, alimkuta amekaa kwenye kiti cha kijani mbele ya pikapu, anasuka. Mwanawe alikuwa pale pia, nikamweleza mambo yote, na akacheka mpaka akaondoa miwani. Mnunuzi, ili asirudi bure, aliomba auziwe ile hedi yenye ufa. Mama wa Pikapu alimwambia kwa heshima kwamba hiyo tayari imepata kazi ya televisheni.

Kiondo kilipofika mishipi, injini ilikuwa imefungwa. Tuliosha rejeta mara tatu mpaka ikatoa maji safi. Nilimwambia sitaiwasha bila maji ya kijani na bila thamostati, na nilisema hivyo nikimtazama. Alienda dukani mwenyewe na kurudi na vyote viwili, akiwa amevikunja kwenye gazeti kama mtu anayeficha dawa ya aibu. Kuhusu bei yangu, alisema hatasikia chochote mpaka tupande kilima cha Mutonga na mzigo. Mwanawe akaniomba nimsindikize mama yake safari hiyo, na mwenye gereji akakubali.

Tulikwenda Jumanne iliyofuata, mchele nyuma umejaa mpaka juu. Asubuhi ilikuwa na ukungu mpaka Chuka. Alipoanza kushuka kwenda darajani alisali, kama kawaida yake. Chini kabisa alitazama mto kwa upande, kama mtu anayempita rafiki waliyekosana naye, na hakusimama kuchota. Kisha akaingiza gia ya pili.

Mimi nilitazama mshale. Ulipanda kidogo, ukafika katikati. Kilima kikaendelea. Pikapu ya miraa ilitupita, honi ikilia, na kijana mmoja akachungulia, "Mama, tukusukume?" Yeye hakuinua mkono safari hii, alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na anazungumza na injini kwa Kimeru. Sikuelewa kila neno, lakini nilisikia "taratibu" na nilisikia jina la Muthara. Mshale ulikaa katikati. Ulikaa hapo kona ya kwanza, ukakaa hapo kona ya pili, mpaka miti ikafunguka na barabara ikalala sawa.

Alitoka pembeni akasimama, injini ikiwa inatwanga. Alichukua jiwe lake chini ya kiti, akaliweka nyuma ya gurudumu. Akafungua boneti na kunyoosha kiganja juu ya rejeta, karibu lakini bila kugusa, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hapakuwa na mvuke. Akajipangusa uso kwa leso, mgongo wake kwangu, kisha akageuka.

"Haya," alisema. "Kazi yako ni ngapi?"

Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa vumbi la njia. Kidole changu kilikwenda chenyewe. Alikitazama kile kidole, tu, na nikakirudisha mfukoni.

"Elfu kumi na tano," nilisema, kwa sauti ya kushinda dizeli.

Alifunga boneti kwa kishindo, na uso wake ukawa ule wa zamani, ule niliokuwa nimeungoja tangu siku aliyosema sawa.

"Elfu kumi na tano ya nini? Hedi ni yangu. Maji ya kijani nimenunua mimi. Jiwe langu. Hata hiki kilima, ni nani amekipanda?"

"Kumi na tano, Mama," nilisema.

"Kumi," alisema, na akaanza kucheka kabla sijajibu.